Siku Niliyojitia Ugonjwa wa Koo

Nimeandika mwanzo wa habari hii mara nne na kuufuta, kwa sababu kila mara nilijitafutia sababu nzuri, na ukweli ni kwamba sikuwa nayo: niliwadanganya watu wanaonilisha, wakanikuta kitandani mchana kweupe, nimefunga kitambaa shingoni.

Mimi hutunga hadithi, huzisoma kwa sauti na kuzirekodi kwa simu hapa Kasongo, kisha huzituma kwenye kikundi cha wasikilizaji wangu. Waliomo hunitumia uniti za simu kila mwezi, ambazo huziuza nikapata chakula, nami huwapa sehemu mpya kila Ijumaa. Hakuna aliyenifundisha (na inasikika). Mwezi ule sikutuma hata moja. Sehemu ilikuwa imeshaandikwa, ila nilikuwa nimeirekodi mara kumi na saba, mara jogoo anawika, mara pumzi yangu inasikika, mara neno moja halinipendezi, na uniti zinaingia tu, na kila zikiingia nafuta, naanza upya.

Ijumaa ya nne Mama Salima, muuza vitenge sokoni, aliyekuwa wa kwanza kujiunga, aliuliza kwenye kikundi: "Aziza, hadithi iko wapi?" Ningejibu tu kwamba haijawa tayari. Badala yake niliandika kwamba koo linaniuma na sauti imekatika. Uongo mdogo, nilifikiri, wa siku mbili.

Nilisahau jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua: mgonjwa haachiwi pole ya kwenye simu. Mgonjwa anaendewa.

Kesho yake saa nne asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba, nasoma kwa sauti kubwa mara ya kumi na nane, nikasikia hodi upande wa barabara. Nilikimbia kitandani, nikajifunga kitambaa shingoni. Mama Salima akaingia na sufuria ya uji, na nyuma yake mzee mwenye vumbi hadi kwenye nyusi.

"Huyu ni Papa Kalonda, mwenzetu wa kwenye kikundi," alisema. "Ametoka mbali kule Wamaza na pikipiki juu ya ugonjwa wako."

Nilishika koo, nikatikisa kichwa.

"Usiseme, mwanangu," mzee alisema.

"Tumesikia mutu anasoma kule nyuma," Mama Salima akasema, akinitazama. "Ni nani?"

"Dada yangu," nilinong'ona. (Sina dada.)

"Iko na sauti kama yako kabisa."

Jasho lilinitoka, nao wakaona ni homa. Mama Salima akaanza kupanga nani atanipeleka hospitali. Ndipo Papa Kalonda akatoa chupa ya asali.

"Muke yangu haamuki kitandani," alisema. "Hii njo dawa yake ya kifua. Amesema, mupelekee Aziza, miye kikohozi nimekizoea, lakini bila hadithi Ijumaa iko murefu."

Akamimina kwenye kijiko, akakileta mdomoni mwangu. Kijiko kile kilinishinda.

"Papa, mimi si mgonjwa," nilisema, kwa sauti safi kuliko zote nilizowahi kurekodi.

Mama Salima aliweka sufuria chini polepole. Nikaeleza yote, sijui kwa maneno gani.

"Kwa hiyo hadithi iko?" Mama Salima aliuliza.

"Iko, lakini ina makosa. Jogoo anawika katikati."

"Kwetu Wamaza majogoo hawawiki?" Papa Kalonda aliuliza. Hakuwa anacheka.

"Soma," Mama Salima akasema.

Nilisoma pale pale kitandani, nikikosea kila ukurasa, na mzee ameshika simu yake mbele yangu anamrekodia mkewe. Nilipomaliza, alirudisha asali ya kijiko ndani ya chupa, akaifunga, akatoka bila kuniaga. Mama Salima alichukua uji wake, akasimama mlangoni.

"Ungesema haijaiva, tungengoja. Sasa tutangoja, lakini hatutakuamini."

Jioni niliwaandikia wote ukweli, nikarudisha uniti za mwezi ule. Wengi walitoka. Papa Kalonda alibaki, nadhani kwa ajili ya mkewe.

Nimeapa: Ijumaa natuma hata pumzi zikisikika, na kama haiko tayari nasema haiko tayari. Mwezi uliopita nilishikwa na malaria ya kweli, nikaandika kwenye kikundi huku nikitetemeka. Hakuna aliyepiga hodi. Mama Salima alijibu kwa mstari mmoja: "Tuma picha ya kipimo."

Nikaituma.