Mizinga Mitano ya Mwese

Mwaka ule kamati ya chama chetu cha wakulima wa tumbaku, Kakese, ilininyima mkopo wa mbegu na mbolea kwa msimu wa tatu mfululizo. Kikao kilifanyika ndani ya ghala, tumekalia magunia matupu. Desturi ilikuwa kwamba mwenyekiti akishasoma jina la mwombaji, huuliza, "Nani anamsemea?" Mtu mmoja akisimama na kusema neno zuri, mambo yanaendelea. Liliposomwa langu, watu waliangalia miguu yao.

"Huyu ana hukumu ya mahakama," katibu alisema.

"Hukumu ya kaka yake hiyo," mtu mmoja akanitetea kutoka nyuma.

"Kaka yake yuko kaburini. Aliyetia sahihi ya udhamini ni huyu hapa. Au nyie mna njia ya kumleta marehemu tumuulize?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Ndugu, hatuna ugomvi nawe. Lipa, ulete karatasi ya mahakama kabla hatujagawa mbolea. Usipoleta, kijiji kitampa mtu mwingine lile shamba. Misimu mitatu ya mihogo kwenye ardhi ya tumbaku, watu wanalalamika."

Shamba lile nililing'oa visiki kwa mikono yangu. Niliondoka ghalani nikijua ni jambo gani hasa natakiwa kufanya, ila sikujua kama lilikuwa bado linawezekana.

Deni lenyewe lilianza hivi. Kaka yangu alikuwa akilima Mwese, kwenye vilima vya magharibi. Siku moja yenye upepo alichoma majani ya shamba jipya, moto ukamponyoka, ukaingia msituni na kuteketeza mizinga mitano ya nyuki ya mzee mmoja wa kabila la Wabende. Mahakama ya mwanzo ilitaka kumtoza fedha, mzee akakataa. Alisimama mbele ya hakimu, kofia mkononi, akasema, "Fedha sitaki, mheshimiwa. Nirudishiwe mizinga yangu. Na mzinga mtupu ni gogo tu. Nyuki wakishaingia, ndipo nitasema nimelipwa." Hakimu alikuwa mtu wa huko huko, hakushangaa. Aliamuru hivyo hivyo: mizinga mitano yenye nyuki, itundikwe pale ilipoungua ya kwanza. Mimi nikatia sahihi kumdhamini kaka.

Huko Mwese anayedaiwa hutundika, lakini hapimi. Kupima ni kazi ya mwenye kudai. Hupita chini ya miti mchana, akigonga kila mzinga kwa ufito mrefu na kusikiliza. Uliojaa hujibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Mtupu hulia kama ngoma.

Kaka alifariki kabla hajachonga hata mmoja. Mzee alikuja msibani, akanishika mkono na kuniambia hatanidai mpaka mwaka wa matanga upite. Kabla haujapita, watu wote wa vitongoji vile walipakiwa kwenye malori na kuhamishiwa kijiji kipya, kama tulivyohamishwa sote wakati ule.

Nilianzia mahakamani. Karani aliniambia neno moja tu la maana: mwenye kudai, au mtoto wake, aje aweke dole gumba kwamba amepokea. Nikapanda baiskeli hadi kijiji kipya kumtafuta mzee. Nilichompata ni binti yake mkubwa, mwanamke wa rika langu, akitwanga mahindi nje ya nyumba ambayo kuta zake zilikuwa bado mbichi.

"Baba hakuhamia," alisema.

"Alifariki?"

"Nimesema hakuhamia. Siku ya malori alipanda na sisi. Mimi mwenyewe nilimpa mkono akapanda. Tulipofika hapa tukashuka, hayumo. Na lori halikusimama njiani."

"Hawakumtafuta?"

"Mgambo walirudi. Walikuta nyumba tupu na jivu la moto. Wakasema simba." Aliinua mchi, akauacha hewani kidogo. "Mimi sikuona simba."

Nilimweleza shida yangu. Alisikiliza bila kuacha kutwanga, kisha akasema, "Chonga, ndugu yangu. Tundika palepale. Ikijaa nitakuja mahakamani kwa miguu yangu. Lakini isipojaa usinibembeleze."

Nilichonga kwa mninga, gogo moja kwa wakati, kwa shoka na tezo. Nilipaka nta kwa ndani ili kuvuta nyuki, na juu ya kila mzinga nikachora alama ya mzee kama binti yake alivyonionyesha: mistari miwili na tundu. Minne niliichonga uani kwangu chini ya kivuli cha nyumba. Wa tano nilipoufikia, jua la mwezi wa nane lilikuwa limezidi na gogo bichi lingepasuka, nikauingiza ndani ya bani, kibanda chetu cha kukaushia tumbaku, nikaumalizia humo kwenye ubaridi.

Njia ya Mwese ilikuwa mbovu. Baiskeli niliisukuma zaidi kuliko kuipanda, mizinga miwili imefungwa nyuma, na kwenye mpando wa mwisho niliibeba begani mmoja mmoja. Nilikwenda mara tatu. Safari mbili za kwanza zilikuwa kazi tu, jasho na kamba. Sikuona kitu, labda kwa sababu sikutazama. Safari ya tatu nilikuwa na mzinga mmoja tu na nafasi ya kutazama.

Mapaa ya kitongoji yalikuwa yameezuliwa na milango imeondolewa. Maboga yalikuwa yameota ndani ya vyumba, yakatoka kupitia madirishani. Kinu kimoja kilikuwa kimesimama katikati ya uwanja, na ndani yake kulikuwa na maji ingawa mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa tano. Njia zote zilikuwa zimefunikwa na majani, isipokuwa moja. Hiyo ilikwenda kutoka nyumba ya mwisho hadi pale msitu ulipoungua, na ilikuwa imefagiliwa. Niliinama nikaona mistari ya ufagio mchangani. Hapakuwa na alama ya mguu juu yake.

Nilitundika mzinga wa tano, nikashuka, nikakaa kula kiporo cha ugali. Jua lilikuwa utosini na hata kivuli changu nilikuwa nimekikalia. Ndipo nikasikia mbali, upande wa mizinga mingine ya mzee ambayo moto haukuifikia: ko, ko. Kimya. Ko, ko. Hakuwa ndege gogota, maana gogota hana subira ile. Huyu aligonga, akasikiliza, akahama mti, akagonga tena. Kila mara sauti ilikuwa nzito, na kila mara ilikuwa karibu zaidi.

Nilisimama nikapiga hodi. Sauti ilinyamaza. Nikakohoa, kama watu wa msituni wafanyavyo kujitambulisha. Ikaanza tena, safari hii kwenye mzinga wangu wa kwanza, ambao nilikuwa nauona vizuri kabisa kutoka pale niliposimama. Uliyumba kidogo kwenye kamba. Chini yake hapakuwa na mtu wala ufito. Ukagongwa wa pili, wa tatu, wa nne, na yote ililia kama ngoma, kwa kuwa ilikuwa bado mipya. Wa tano, uliokuwa juu ya kichwa changu, haukugongwa. Badala yake nilisikia msonyo mrefu, wa mtu aliyeonyeshwa kazi mbaya.

Sikumbuki nilivyoifikia baiskeli nikaondoka.

Miyombo ilipochanua na makundi ya nyuki kuanza kuhama, nilimfuata yule binti nikamwomba tuende wote. Zilikuwa zimebaki wiki chache mbolea igawiwe. Nilimweleza nilichosikia, nikitarajia acheke au anifukuze. Aliuliza kitu kimoja tu: "Ilikuwa mchana?"

"Mchana."

"Haya basi. Ndio saa zake."

Tulifika jua likiwa juu. Aliketi kwenye kisiki, akatandaza khanga magotini kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati, akasema kwa sauti ya kawaida, "Shikamoo baba." Hakuna aliyeitikia. Baada ya kitambo kugonga kukaanza. Mzinga wa kwanza ulijibu kwa sauti nzito, na nyuki wachache wakatoka mlangoni kuona nani amewasumbua. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Wa nne.

"Mbona unatetemeka, mwanaume mzima?" alininong'oneza. "Anahesabu tu."

Wa tano ulilia kama ngoma. Kisha ukaja ule msonyo. Yule binti aliziba mdomo kwa khanga na sikujua kama anacheka au analia. Aliinuka, akaenda chini ya mti ule, akanusa hewa. Akarudi akaninusa shati.

"Huu uliuchongea wapi?"

"Ndani ya bani. Jua lilikuwa kali."

"Ndani ya bani! Mnyaturu wa wapi wewe? Umewapikia nyuki nyumba ya tumbaku halafu unasubiri waingie?"

"Mimi si Mnyaturu."

"Najua. Nimekosa tusi."

Alikuwa na haki kabisa. Miaka yote niliishi na harufu ile hadi nikawa siisikii. Nilimwomba aje mahakamani kwa ile minne, nikamwahidi wa tano baadaye, nikamweleza habari ya shamba langu. Alitikisa kichwa. "Nimesikia ulichosikia wewe. Niende nikaweke dole kwamba yote imepokewa, na yeye amekataa mmoja? Nikirudi nyumbani nitalala vipi?"

Nikataka kupanda nikaushushe. Akanishika mkono kwa nguvu. "Usiuguse. Ukishatundikwa si wako tena. Kachonge mwingine."

Nilichonga wa sita nje, juani, nikiumwagia maji kila mara usipasuke, na nikausugua kwa mchaichai badala ya kutegemea nta peke yake. Hata hivyo nilijua hesabu ilikuwa imenikataa. Kundi la nyuki haliji kwa amri, na mbolea ilikuwa imeshafika kwenye ghala la stesheni. Nilikwenda Mwese peke yangu, mzinga begani, kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kugumu zaidi.

Njia ilikuwa imefagiliwa. Chini ya mti wa mzinga wa tano nilikanyaga kitu laini, nikatazama: maranda ya mbao, mengi, meupe, bado yana unyevu. Mzinga wenyewe haukuwa pale nilipoutundika. Ulikuwa umehamishiwa tawi la upande wa pili, umegeuzwa mlango kuelekea jua la asubuhi, umefungwa kwa fundo la kamba ya gome ambalo mimi sijui kulifunga. Mtu alikuwa ameushusha, akaukwangua ndani kwa tezo mpaka akafikia mbao isiyojua tumbaku, akaurudisha juu. Mlangoni nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwa shughuli zao.

Nilitua mzinga wa sita. Sikutaka kungoja, lakini nilingoja, kwa kuwa kupima hakukuwa kazi yangu. Kugonga kulianza mbali, kukaja mti kwa mti. Mitano ilijibu kwa sauti nzito. Baada ya wa tano nilisubiri msonyo na haukuja. Kisha majani yakalia, hatua za mtu asiye na haraka, zikapita karibu yangu kiasi kwamba nilisikia pumzi. Niliangalia chini muda wote huo. Nilisema "Shikamoo", na hatua zikaendelea.

Nilichukua konzi ya maranda nikampelekea binti. Aliyanusa, akayashika kitambo, akaingia ndani na kutoka amevaa viatu.

Mahakamani karani alichovya kalamu. "Mdai yuko wapi?"

"Kazini," binti alisema.

"Mzee wa umri huo? Kazi gani?"

"Ya nyuki."

"Kwa hiyo yu hai. Nikiandika marehemu na si marehemu, matatizo ni yangu."

"Wewe andika amepokea. Hayo mengine hukuulizwa."

Karani alinitazama mimi. Nilitazama ukutani. Akaandika, na binti akaweka dole gumba lake, akalifuta kwa ncha ya khanga na kuondoka bila kuniaga. Sikumlaumu.

Kamati ilikaa siku iliyofuata, ndani ya ghala lile lile. Nilimkabidhi katibu karatasi. Aliisoma mara mbili akitafuta kasoro, akaipitisha. Mwenyekiti alisoma jina langu, na mimi nikajiandaa kwa lile swali, maana karatasi ilifuta deni lakini haikumlazimisha mtu yeyote kunisemea. Swali halikuja. Alifungua tu ukurasa wa mkopo akanionyesha pa kusaini.

"Hamkuuliza nani ananisemea," nilisema. Mke wangu alinilaumu baadaye kwa kuuliza.

"Amekwisha kukusemea mzee wako," mwenyekiti alijibu. "Alipita asubuhi, tulikuwa hata hatujafungua. Tulimkaribisha kiti, akakataa. Alisema, huyo mpeni, huyo analipa. Akaenda zake."

"Mzee gani?"

"Sisi tutajuaje? Tulidhani mjomba wako. Ana kofia mkononi, ananuka moshi na nta." Alimgeukia katibu. "Alipita njia gani yule?"

Katibu aliinua mabega. Yeye alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi, alisema, na alimwona mzee ndani tu. Hakumwona akiingia wala akitoka. Kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe, akaacha kucheka.

Nilitia sahihi. Katibu, ambaye hakupenda karatasi zake zichafuke, alinishikilia ukingo wa ukurasa mpaka nikamaliza.