Kibuyu Kilichokwanguliwa Alama

Mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa magotini. Tukala michembe asubuhi, michembe jioni, hata harufu ya kiazi kikavu ikanikaa kwenye nguo. Siku moja ya mwaka huo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu.

Mwanangu, mimi ni mtoto wa mfuga nyuki wa Igalula. Mizinga ya baba ilikuwa na alama ya ukoo, mikato mitatu ya chuma cha moto, na vibuyu vya asali tulivyouza stesheni vilikuwa na mikato hiyo hiyo. Katika njaa ile baba mdogo akachanganya asali yake na maji. Watu wakajua. Ukifika stesheni na mikato mitatu, wanakupita kama umebeba mzoga.

Nikachukua kisu, nikakwangua alama kwenye vibuyu sita. Viliisha kabla treni haijaondoka! Nikarudi nyumbani nacheka peke yangu.

Kumbe kimoja kilikuwa kimechacha. Mama mmoja wa Kanyenye alikinunua dirishani, kwenye msukumano, hata sura yangu hakuiona. Wiki iliyofuata akashuka nacho, akazunguka stesheni nzima akiuliza, "Jamani, hiki cha nani?" Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nikanyamaza.

Baba, aliyekuwa pembeni yangu, akakitambua. Akamwomba radhi, akampa kingine chenye alama. Nyumbani akaniambia, "Asali mbaya unairudisha. Asali nzuri unasimama na alama yako, unatukanwa, unawaonjesha mpaka waamini. Wewe umemfanya yule mama akose mlango wa kugonga." Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Sasa sikia ya juzi. Maganga, mjukuu niliyemlea tangu tumzike mama yake, anagombea udiwani hapa Isevya. Mabango yake yamefika mpaka ukuta wa choo changu. Uso wake, jina lake, basi. Nembo ya chama hakuna, rangi za chama hakuna. Akaja na mpiga picha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chama chako kimekufa lini? Mbona sikuitwa msibani?"

Akacheka. "Bibi nawe! Watu wana hasira na chama kwa ajili ya maji. Nikiweka nembo, nimekwisha." Akanionyesha kwa kidole, kwenye bango, mahali nembo ilipopaswa kukaa. "Wewe unakaa hapa. Isevya nzima inakuamini."

"Ukishinda, utakaa na nani huko ndani?"

"Na wenzangu wa chama, sasa nifanyeje?"

"Na maji yasipotoka, watu wagonge mlango wa nani? Wangu?"

Akainamisha kichwa. "Bibi, ukininyima nitashindwa. Nina wewe tu."

Hapo alinikata maini, mwanangu. Mgongo huu ndio uliombeba. Nikasema, "Maganga, uso wangu hautakuwa kiraka."

Aliondoka bila kunywa uji. Siku hizi gari lake la matangazo linapita hapa likipiga kelele, wala halisimami. Kikombe chake cha bati bado nakiosha kila asubuhi, sijui namwoshea nani.

Sikwambii chama gani kizuri. Shule niliishia darasa la tatu. Nakwambia hivi: watu wako wakikutia aibu, wakemee, au waache. Ukibaki nao, vaa alama yao mchana kweupe, utukanwe nayo. Na wewe mpiga kura, ukiona bango safi mno, uliza asali hiyo ni ya mzinga gani. Mungu akupe jina usilolificha. Na Maganga wangu, ashinde, ashindwe, amrudishe kwenye uji wake.

Jana mpiga picha alirudi peke yake. Eti Maganga kasema ni picha moja tu, hata kusimama sitasimama. Nikampa kiti, nikampa maji. Kisha nikamtuma neno lile lile, nalo lilitoka kwa shida:

"Maganga, uso wangu hautakuwa kiraka."