Dizeli Haipigiwi Hodi

Mume wangu alipofariki aliniachia kiwanja kimoja Kigamboni. Nilikiuza ili ninunue pikapu ya dizeli, kuukuu lakini nzima, ya kubebea masufuria yangu ya pilau. Mimi ni mpishi wa shughuli, naishi Kariakoo, na nilikuwa nimechoka kukodi magari ya watu. Kiwanja cha pili sikuwa nacho. Nikikosea, basi tena.

Fundi wangu, Mchaga mmoja mwenye banda la magari mtaa wa Gerezani, alinipa sharti moja tu la kwenda kuikagua pikapu niliyosikia inauzwa: "Twende asubuhi sana, mama, na usimwambie mtu." Nikaitikia. Lakini mimi nimelelewa pwani. Kumwendea mtu nyumbani kwake alfajiri bila taarifa, kama polisi? Nilipomaliza kuswali nikampigia simu mwenye gari, nikamwambia tunakuja.

Tulimkuta nje ya nyumba yake, karibu na Mtaa wa Msimbazi, amevaa kanzu safi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Gari lilikuwa limeoshwa linang'aa. Akalipiga ufunguo mara moja tu, likanguruma. Akilini nilishaliona linapanda pantoni pale Magogoni na masufuria yangu nyuma.

Fundi akamwomba azime. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakitoa upesi.

"Mama, ulipiga simu?"

"Nilipiga. Ni adabu."

Hakunigombeza. Alifunua zulia la ndani akitafuta tope, maana gari lililolala mafurikoni kule Jangwani huuzwa limesafishwa juu tu. Tope halikuwapo. Kisha akaenda kukaa barazani.

"Fundi, gari si imewaka? Unataka nini tena?" mwenye gari akauliza.

"Nataka ipoe. Dizeli ikishapashwa moto, hata iliyo mgonjwa huamka."

Tukakaa. Kahawa ikapita, kashata zikapita, jua likapanda. Waswahili tunasema haraka haraka haina baraka, lakini siku ile sikuwa na haja na baraka, nilitaka gari. Nilikuwa na shughuli ya watu jioni na vitunguu havijamenywa. Nikaanza kumshuku fundi. Nikamwambia mbele ya watu, "Kama unangoja akupe chochote, sema, tusipotezeane muda." Alitazama chini, akaendelea kunywa kahawa yake. Mdomo wangu nimeulaumu mara nyingi, lakini kwa maneno yale bado sijausamehe.

Karibu na adhuhuri akagusa tena boneti, akatikisa kichwa kukubali. Kwanza akafungua kifuniko cha rejeta, akanionyesha. Juu ya maji palielea utando wa mafuta, kama mchuzi wa nyama uliolala. Kisha akamwambia mwenye gari awashe. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikakohoa, ndipo ikashika kwa shida. Moshi mweupe ukatoka mzito, nao haukukoma. Majirani wakafunga madirisha.

"Maji na oili vimekutana ndani," fundi akasema. "Hii injini imekwisha, mama."

Mwenye gari akashusha bei palepale, na mimi, Mungu anisamehe, nikataka kukubali. Fundi akaninyang'anya pochi, akaanza kutembea nayo kuelekea Gerezani. Nikamfuata huku nikimtukana njia nzima.

Wiki kadhaa baadaye tulipata jingine, rangi imechakaa, kiti kimechanika. Tulimwendea mwenyewe bila simu wala hodi, injini baridi kabisa. Likawaka kwa moshi kidogo uliopotea mara moja. Ni mwaka wa nne sasa, ndilo linaloniweka mjini.

Mwaka jana, nikiwa bandani kwake kubadilisha oili, nilimuuliza kwa nini alinivumilia siku ile. Akacheka.

"Mama, ungenunua ile ya kwanza, nani angeitengeneza? Si mimi? Ningekula kwako mwaka mzima."

Nikakumbuka hali yake ya siku zile. Banda lilikuwa tupu, hana hata gari moja la kufungua, na mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa mbele yake, naye aliiacha ipite ili kiwanja cha marehemu kisipotee. Mimi nikamwita mla rushwa.

Nikamwomba radhi palepale, kwa sauti, mafundi wenzake wote wasikie.