Bosi Anakula Kwenye Kiti cha Kinyozi

Kinyozi wa nyuma ya soko alikuwa na mbwa wa miaka sita, jina lake Bosi, mlafi asiye na haya. Ghafla mbwa akawa anakula, anageuka, na chakula kinarudi vilevile kilivyoingia. Akakonda hadi mbavu zikahesabika, na kinyozi naye akakosa hamu ya kula.

Daktari wa mifugo alimpiga picha ya kifua. "Umio umelegea," akasema. "Hausukumi chakula. Hautapona, lakini mtaishi nao vizuri tu. Ale chakula laini akiwa wima, na abaki wima robo saa, kiteremke chenyewe."

"Wima kama mimi?"

"Kama wewe, mzee."

Siku tatu kinyozi alimkumbatia mbwa jikoni, wakiyumba kama wanaocheza muziki wa taratibu. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, mimi hujanikumbatia hivyo tangu tuoane."

Siku ya nne kiuno kiligoma.

"Mpeleke kazini," mkewe akasema akijifuta machozi. "Kile kiti chako si kina mgongo?"

Asubuhi kinyozi alimkalisha Bosi kitini kama mteja, makalio chini, mgongo umeegemea, miguu ya mbele juu ya mto. Akamfunga shuka la kunyolea, akamlisha nyama ya kusaga kwa kijiko. Bosi alikula huku akijitazama kwenye kioo. Kinyozi akasimama kando na ndoo, roho juu. Robo saa ikapita, hakikurudi kitu.

Mwalimu mstaafu, mteja wa siku nyingi, aliingia akakuta kiti kina mtu wake.

"Nani yuko mbele yangu?"

"Huyo hapo. Bado dakika sita."

Mwalimu hakununa. Alivuta benchi, akavaa miwani, akamsomea Bosi habari za mpira ili asishuke. Kuanzia hapo akawa anakuja kila asubuhi, hata nywele zikiwa fupi.

Haikuwa mteremko. Siku moja Bosi aliiba mkate, ukarudi wote, na wiki nzima ikawa ya kuanza upya. Lakini miezi mitatu baadaye, kwenye mizani ya daktari, alikuwa ameongeza kilo nne.

"Pima tena," kinyozi akasema.

Daktari akapima tena. Nne zilezile.

Njiani Bosi alivuta kamba, mkia juu, na kinyozi akakimbia nyuma yake, akicheka peke yake barabarani.