Mtani wa Kofia Nyekundu

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetutawanya juu ya ardhi kisha akatupa njia za kufikiana, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Kisa hiki nimekaa nacho miaka mingi. Kwa kuwa macho bado yananisaidia, nakiandika.

Mama yetu alifariki Tura, katika miaka ile tulipokuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa karibu na reli. Mimi nilikuwa nafundisha watoto Kurani barazani kwangu. Mdogo wangu, ambaye kwa mama tulikuwa yeye na mimi tu, alikuwa askari katika kambi ya Tabora, sajenti wa tepe tatu.

Kwa wasiojua mambo ya kambini nieleze kidogo. Askari wa kawaida mkono wake hauna kitu. Lansi koplo ana tepe moja, koplo mbili, sajenti tatu. Juu yao wako maafisa, kuanzia luteni na kapteni, ambao vyeo vyao hukaa mabegani. Aliyezidi huamuru, aliyezidiwa huitika "ndiyo, afande". Lakini wapo askari ambao kwao mambo hayaendi hivyo moja kwa moja, nao ni polisi jeshi. Kazi yao ni kuwaangalia askari wenzao. Jioni huzunguka vilabuni kuwatoa waliolewa, husimama stesheni kutazama nani anasafiri bila ruhusa, na huwafuata watoro popote walipo. Zamani hizo walivaa kofia nyekundu na kitambaa mkononi, na koplo mwenye kitambaa kile aliweza kumwambia sajenti "twende", na sajenti akaenda. Akikivua, ni koplo tu. Mdogo wangu ndiye aliyenifundisha haya, na hakuwa akiwapenda sana. Sijui ni askari gani anayewapenda.

Mama alipokata roho nilikwenda stesheni, mkuu wa stesheni akapeleka habari Tabora kwa simu ya reli. Mdogo wangu alipoipata, kapteni wake alikuwa Nzega na sehemu kubwa ya kikosi, wakisaidia kuvuna pamba. Aliyebaki ni luteni kijana, akamwambia asubiri kapteni arudi kwa sababu yeye hakuwa na mamlaka ya kutoa ruhusa ya safari. Simlaumu luteni yule. Lakini dini yetu haimcheleweshi maiti, na mdogo wangu alijua kuwa akisubiri atakuta kaburi limeshafukiwa. Akapanda treni. Alfajiri alibisha mlangoni kwangu akiwa na sare, viatu vimejaa vumbi la stesheni.

"Una ruhusa?" nikamuuliza.

"Sina, kaka."

Akanieleza kuwa kosa hilo ni kubwa. Akirudi mwenyewe atashushwa cheo na kufungiwa, lakini atabaki jeshini. Akirudishwa chini ya ulinzi kama mtoro, atafukuzwa. Alikuwa na watoto watatu wadogo, na kazi nyingine hakuijua.

"Basi ukimzika tu, urudi," nikasema.

"Wakinipa nafasi ya kumzika."

Hawakuchelewa. Kabla ya adhuhuri gari la jeshi lilikuja kwa barabara ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa pembe za ndovu kabla ya reli, likasimama mbele ya nyumba. Dereva alibaki ndani, wakashuka wawili, koplo mnene wa makamo na lansi koplo mwembamba, wote wawili na kofia nyekundu, mikanda yao imepakwa chokaa. Kilio kikanyamaza. Mdogo wangu alisimama akawatazama.

Koplo hakumwendea kwanza. Alimwendea mama yangu mdogo, aliyekuwa amekaa mkekani mlangoni.

"Shikamoo mama. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Umekuja kumchukua?"

"Nimeagizwa nimrudishe leo, mama."

"Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Kisarawe. Mimi Mzaramo."

Mama mdogo alijipangusa machozi kwa ncha ya khanga, akamtazama toka kofia hadi viatu. "Mzaramo. Na umesimama hapo umejipamba kama bwana harusi, na mtani wako yumo ndani hajachimbiwa?"

Watu wakaguna, wengine wakacheka kichinichini. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara, babu zetu walipobeba mizigo hadi pwani wakalala kwao na kula kwao. Mtani akifiwa, mtani mwenziwe hasimami kando kama mgeni. Huchimba kaburi, hubeba jeneza, na huku anasema maneno ya mzaha ambayo mwingine angeyasema angepigwa. Wako masheikh wanaoyakataza maneno hayo msibani, nami nimesoma hoja zao na naziheshimu. Lakini nimeona pia mtu aliyefiwa akipata pumzi kwa sababu ya mtani, na pumzi hiyo nimeihesabu kuwa rehema.

Koplo alikuna kidevu. "Mama, nimevaa kitambaa. Niko kazini."

"Kivue."

"Nikikivua sina nguvu ya kumkamata."

"Ndiyo maana nakwambia kivue."

Koplo alimtazama mdogo wangu. Wote tulijua anachopima. Amri aliyopewa ilikuwa amrudishe siku ile, na siku ilikuwa bado ndefu. Lakini mdogo wangu akitoroka mikononi mwake, atakayefungwa ni koplo.

Akakivua kitambaa, akampa lansi koplo. "Sasa mkubwa hapa ni wewe. Sajenti akikimbia, mkamate. Na mimi nikikimbia, nikamate."

"Afande, mimi nina tepe moja," lansi koplo akasema.

"Leo inatosha. Jembe liko wapi?"

Makaburi yetu yalikuwa yamebaki mahameni, kijiji cha zamani tulichokihama, mwendo mrefu kutoka relini. Koplo alitangulia na vijana wachimbaji, akavua shati, akaingia shimoni. Tulipofika na jeneza baada ya sala, tulimsikia kabla ya kumwona.

"Bibi huyu amekufa makusudi ili nichafue viatu vyangu. Na ninyi Wanyamwezi, babu zenu walibeba pembe mpaka baharini, leo mmembeba bibi mmoja mnahema namna hii?"

"Walihema kwa njaa waliyoikuta kwenu," mjomba mmoja akamjibu.

"Walikula wakamaliza. Njaa mnayoisema ndiyo waliyotuachia."

Mdogo wangu alicheka. Kisha, katikati ya kicheko, akalia. Tangu afike alfajiri hakuwa amelia.

Kwa kuwa maiti alikuwa mwanamke, shuka ilitandazwa juu ya kaburi ili asionekane wakati wa kushushwa. Mimi na mdogo wangu tuliingia kumpokea. Shuka ilihitaji mikono, na nilipoinua macho niliona pembe moja imeshikwa na koplo, nyingine na lansi koplo, kofia yake nyekundu imewekwa chini kwenye udongo. Hakuna aliyekuwa akimlinda mtu.

Tulipomaliza kufukia nikasoma talkini ya kumkumbusha marehemu shahada yake, na watu wakaanza kutawanyika. Hapo mjomba yule alimvuta mdogo wangu pembeni. Nilikuwa karibu nikasikia.

"Treni ya Dar inapita jioni," mjomba alisema. "Huyu mtani amechoka, na yule mwingine ni mwoga. Nenda pwani, mwanangu. Huko hakuna atakayekujua."

Koplo alikuwa ananawa mikono kwa maji ya kata, ametupa mgongo. Sijui kama alisikia. Nadhani alisikia, kwa maana aliendelea kunawa mikono iliyokwisha kutakata.

Sikumwambia mdogo wangu neno. Nilimwomba Mungu moyoni amwongoze.

"Mjomba, aliyenichimbia kaburi la mama yangu ndiye nimfungishe?" mdogo wangu akasema. Akatembea hadi kwa koplo. "Niko tayari."

Koplo alivaa shati lake lenye udongo, akavaa kitambaa, akavaa kofia. "Sijakukamata, afande," akasema. "Unarudi kazini, nasi tunakupa lifti. Kaa mbele na dereva."

Lansi koplo akauliza, "Tukiulizwa tulikuwa wapi mchana kutwa?"

"Tutasema tulikuwa kaburini."

Na ndivyo alivyosema. Mdogo wangu alinisimulia baadaye kuwa kapteni, aliporudi kutoka Nzega, aliwaweka wote watatu mbele ya meza yake. Koplo alieleza kila jambo, hata kuvua kitambaa. Kapteni alimkaripia sana, akamnyima likizo yake ya mwaka ule. Kisha akamuuliza kama sajenti alirudi kwa hiari, naye akajibu kuwa alirudi kwa hiari, na alikuwa na nafasi ya kutorudi.

Siku waliyoruhusu wageni nilikwenda Tabora na wali wa kuku uliopikwa na mke wangu. Mdogo wangu alitolewa mahabusu ya kambi kunisalimia. Mkononi mwake, pale palipokuwa na tepe ya tatu, kitambaa cha sare kilikuwa na alama mbichi, kijani zaidi kuliko kwingine. Alikuwa amekonda. Lakini sare ilikuwa bado yake.

"Wanakutesa?" nikamuuliza.

"Hapana. Yule mtani anapita kila jioni dirishani, ananiuliza kama Wanyamwezi wanajua kulala bila mzigo kichwani." Akafunua chakula akanusa. "Mwachie paja moja, kaka. Hana likizo."

Ewe msomaji, Mungu akurehemu wewe na wazazi wako, walio hai na waliotangulia. Na ikikufika siku ngumu, akuletee mwenye amri juu yako aliye na moyo wa kukungojea. Amina.