Nyuma ya Pikapu Sipandi

Mwaka ule tuliotafuta pikapu, mimi hata ungenificha gizani ungenijua kwa harufu. Nilikuwa nachukua samaki wa kukaushwa kule Kahendero nawapeleka kuuza sokoni Bwera, na safari yote nilikaa juu ya magunia yao, kwenye malori ya watu, jua la utosini na vumbi la kutosha kupanda viazi kichwani. Kwenye harusi ya mdogo wangu nilifika na magamba nyuma ya masikio. Bwana harusi akacheka mbele za watu. Sikumsamehe mpaka walipopata mtoto wa tatu, na hata hapo nilimsamehe kwa ajili ya mtoto.

Kwa hiyo baba watoto aliponiambia kwamba yeye na baba yake wanataka pikapu, ya kushusha kahawa kutoka shambani mlimani na ya kutupeleka kanisani Jumapili, hakumaliza kusema. Nilishaingiza mkono kwenye kibuyu changu cha akiba. Nusu ya gari lile ingetoka kwenye samaki wangu, na sharti langu lilikuwa moja: nitakaa mbele. Gari nililolinunua mwenyewe, nyuma yake sipandi.

Baba watoto akajikuna shingo. Mtu huyo alikuwa na shingo ya kujikuna, kila neno gumu lilimwasha hapo. Nilijua linalomwasha.

Lilikuwa ni suala la ukwe. Kwetu mlimani, zama hizo, mke wa mtu na baba mkwe wake hawakukaribiana. Hamkai mkeka mmoja wala benchi moja, hampeani mikono, hampishani mlangoni. Nikimwona anakuja kwenye kijia, mimi huyo, nachepukia kwenye migomba. Hata maneno tulipitisha kwa mtu wa katikati, na mtu akikosekana, basi chochote chenye masikio. Siku moja alimwambia mbuzi kwamba mboga ya leo imekolea, nami nikamjibu mbuzi kwamba ahsante. Wala haikuwa chuki. Nilimpenda sana yule mzee. Ilikuwa heshima, na heshima ya kwetu ilipimwa kwa umbali.

Sasa pikapu, kwa kawaida yake, ina nafasi ya watu watatu mbele. Mama mkwe hakuwemo kwenye mashindano, maana alikuwa akinusa petroli tu anatapika. Alisema atakwenda kanisani kwa miguu na atatukuta tunabadilisha tairi. Dereva alikuwa baba watoto, aliyejifunza kuendesha alipokuwa kibarua mgodini. Mzee wa ukoo hawezi kupanda nyuma kama mbuzi wa mnada. Na mimi siwezi kukaa bega kwa bega na mzee. Basi hesabu mwenyewe anayebaki nje.

Pikapu ya kwanza tuliikuta palepale Bwera. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo alivuka nayo mpaka, nyeupe, usukani uko kushoto kama wanavyoendesha kwao.

“Muzee, hii kamioneti iko muzuri sana,” akasema, anapigapiga boneti. “Inabeba kahawa, inabeba mama, inabeba batoto. Haina matata.”

Baba watoto akaingia chini ya gari kutazama springi. Baba mkwe hakutazama springi wala tairi. Alifungua mlango akakikodolea macho kiti, muda mrefu, mpaka yule mtu wa Butembo naye akainama kutazama kama kuna nyoka. Mzee alikuwa amepata wazo: kwa kuwa usukani umehamia upande mwingine, huenda na lile tatizo letu limehama nalo.

Akaamuru tujaribu. Mimi nilisimama mbali, karibu na wauza ndizi, kwa hiyo mfanyabiashara akaambiwa akae mahali pangu, yaani awe mimi. Mwanamume mzima mwenye ndevu akapanda, akabana magoti, akaweka mikono mapajani kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuwa nayo. Baba watoto kwenye usukani, mzee katikati, mkamwana mwenye ndevu dirishani. Tukagundua kwamba usukani uende kushoto, uende kulia, dereva yuko pembeni tu, na wawili waliobaki lazima wasuguane mabega.

Soko lote likawa limekuja. Muuza chumvi akashauri liwekwe gunia la kahawa katikati. Likawekwa. Likamlalia yule mtu wa Butembo, na baba watoto akawa hapati gia. Mwingine akasema litundikwe pazia la kitenge. Mzee akauliza pazia linazuia nini ikiwa kona za mlimani zinawarusha watu. Mama mmoja akashauri mtoto wetu mkubwa akae kati ya mzee na mimi, awe ukuta. Mzee akamtazama mjukuu wake, ambaye wakati huo alikuwa amesinzia kwenye kivuli cha tairi na ganda la ndizi mkononi.

“Ukuta unaolala njiani si ukuta,” akasema.

Mimi kule kwa wauza ndizi nilikuwa nimeuma ncha ya leso nisicheke kwa sauti. Lakini kicheko kilipoisha, moyo ukaanza kuniuma. Kila njia waliyojaribu ilinitupa palepale, nyuma, juani.

Wiki iliyofuata tulishuka Kasese. Kwenye yadi ya mwenye duka mmoja palikuwa na pikapu mbili, ya kijani na ya bluu. Baba watoto alipoiona ile ya kijani, wallahi, mimi hajawahi kunitazama hivyo. Tairi mpya, springi nene, injini ukiiwasha haikohoi. Akaisifia bodi yake, akaipapasa taa. Kisha akafungua mlango, na mzee akachungulia, nami nikaona uso wa mzee unafunguka kama mtu aliyeondolewa mwiba. Mbele palikuwa na viti viwili tu, kila kimoja peke yake, na gia katikati yao imesimama sakafuni. Viti viwili, wanaume wawili. Mila haikuguswa, dhambi haipo, ugomvi umekwisha.

“Hii,” mzee akasema.

“Hii hasa,” baba watoto akasema.

Mwenye duka akaanza kutafuta kalamu. Na mimi nimesimama pale na kibuyu changu kwenye kikapu, hakuna aliyenitazama. Machozi yalikuja, nikayarudisha kwa nguvu. Hasira ndiyo iliyobaki, na hasira yangu watu wa Bwera wanaijua.

“Baba watoto,” nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka stesheni ya treni. “Mwambie baba kwamba mchumia juani hulia kivulini. Mimi juani nimechuma vya kutosha. Mkichukua hiyo ya kijani, pesa ya samaki narudi nayo nyumbani, nanyi mwombeni huyu bwana awauzie nusu ya gari. Mchague wenyewe mnataka nusu yenye injini au yenye taa za nyuma.”

Mwenye duka akaacha kutafuta kalamu. Baba watoto akajikuna shingo mpaka nikaogopa atatoa damu. Mkamwana kusema vile mbele ya baba mkwe, kule kwetu, wazee wangemwitia kikao. Nilikuwa naona aibu na bado nilikuwa na hasira, na sikujua nikae na ipi.

Mzee hakunigeukia. Aliichimba ardhi kwa ncha ya fimbo. Kisha akaiacha ile ya kijani akaenda kwenye ile ya bluu, ambayo hakuna aliyekuwa ameijali. Mlango mmoja umebonyea, rangi imepauka. Lakini kiti chake cha mbele kilikuwa kimoja kirefu, na mkono wa gia ulikuwa juu, ubavuni mwa usukani, miguu ya watu imeachiwa nafasi. Mzee akapanda upande wa kushoto, akajiweka dirishani.

“Njoo,” akamwita mwanawe. “Kaa katikati hapa.”

“Baba, mimi ndiye dereva.”

“Nimesema kaa katikati.”

Akakaa. Goti kwa goti na baba yake, kama watoto wa komunyo ya kwanza. Mzee akanyoosha fimbo, ikapita kifuani pa mwanawe, ikaelekea mahali palipobaki wazi. Tukatazama wote. Palikuwa mahali pa usukani.

“Mimi hapa. Wewe hapo. Yeye kule,” mzee akasema. “Kati yangu na yeye yupo mume wake mwenyewe. Mila imekaa vizuri. Kuna shida gani?”

“Shida ni kwamba hajui kuendesha.”

“Wewe ulizaliwa unajua?”

Nilichuchumaa pale yadini nikacheka mpaka mwenye duka akaniletea maji. Tukainunua ya bluu.

Kujifunza kwenyewe Mungu ndiye shahidi. Baba watoto alinifundishia kwenye uwanda wa mashamba ya pamba nje ya Kasese, mahali ambapo hakuna cha kugonga, nami nikakipata cha kugonga, kichuguu. Mbuzi wa watu walilijua lile gari, wakilisikia wanahama. Yeye anapiga kelele klachi, klachi, na mimi najibu nimeisikia hiyo klachi, kwani inaondoka? Lakini siku nilipobadilisha gia bila gari kuruka, nilipiga vigelegele peke yangu huku nimeshika usukani. Leseni nikaipata. Nikanunua na miwani ya jua, kwa ufahari tu.

Ikaja siku ya kumrudisha mzee nyumbani Bwera kutoka Kasese, safari yake ya kwanza na mimi. Alisimama mlangoni mwa gari, mkono kwenye kitasa, asipande. Kukubali yadini ni jambo moja. Kupita mbele ya marika zako wote, umeketi unaendeshwa na mke wa mwanao, ni jambo jingine, na hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa akiendesha gari barabara ile. Nilishika usukani nikatazama mbele. Nikajiambia, akikataa leo, kesho nimerudi kwenye magunia. Akapanda.

Tukashuka uwandani. Mzee aliibana fimbo kati ya magoti. Tembo walivuka barabara, nikasimama, wakapita, nikaondoka vizuri kuliko siku zote. Akaibana zaidi. Tulipokaribia Kinyamaseke akamgusa mwanawe begani.

“Mwambie asimame.”

Nikasimama. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye breki. Nikajua anashuka hapa, atatafuta lori au atatembea, ili Bwera wasimwone nami. Kweli akashuka. Akajifuta vumbi kwenye koti, akafunga kifungo cha juu, akavua kofia akaikung'uta kwenye goti akaivaa tena. Akatoa leso mfukoni akalifuta dirisha lake, nje na ndani. Kisha akapanda, akakishusha kile kioo chote, akatoa kiwiko nje.

“Twende,” akamwambia mwanawe.

Tukaingia Bwera wakati wa soko, watu wamejaa barabarani, na marika zake wamepanga viti mbele ya duka la mpimaji kahawa. Niliwaona wakiinuka mmoja mmoja, mikono juu ya macho. Nikataka kuongeza mwendo tupite haraka, nimpunguzie.

“Mwambie aende polepole,” mzee akasema. “Na apige honi.”

Baba watoto akanigeukia aniambie. Nilikuwa nimeshapiga.