Waandike Pale Watakapokuwa Agosti

Kabla sijafika kwa kampeni, wacha niseme habari ya punda wa mama yangu. Alikuwa na punda wawili. Mmoja alikuwa na sikio moja tu, lile lingine fisi alikula, na huyo ndiye alijua njia kuliko sisi wote. Mama akianza kushona vile vikapu vya kubebea mizigo mgongoni mwa punda, majirani walijua mzee wetu ameshaamua kuhama. Ajabu ni kwamba alikuwa anashona wakati nyasi bado zimejaa. Watu walicheka. Mbuzi wanashiba, maziwa yako, sasa nyinyi mnakimbia nini?

Baba alitutuma mimi na kaka yangu Lomuria, wote tulikuwa watu wazima wa ndevu, twende siku mbili kwa miguu mpaka upande wa Oropoi, chini ya milima ya Uganda, tuangalie maji yako namna gani, turudi tuseme. Lomuria alitangulia na ekicholong chake mkononi, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume wa kwetu hukalia mchana na usiku huweka chini ya kichwa. Mimi nilifuata nikiongea.

"Ekiru," aliniambia, "ukinyamaza kidogo tutafika leo."

Hatukufika siku hiyo. Tulifika kesho yake, maji tukayaona, tukarudi tukasema, na wale waliokuwa wanatucheka walitufuata mwezi mmoja baadaye, mbuzi wao wamekonda. Nilifikiri habari hiyo imeisha na wale punda.

Basi, kazi. Niliingia kazi ya kampeni kwa sababu ya mdomo huu. Shule nilifika darasa la tatu tu, na darasa la tatu lenyewe nililala sana. Nilikuwa Lodwar, nauza mikeka sokoni, naita wateja mpaka wanasikia ng'ambo ya mto. Siku moja akasimama mbele yangu mwalimu mmoja mstaafu. Mimi nitamwita Mwalimu tu, ndivyo tulivyomwita sote.

"Mikeka mingapi unauza kwa siku?"

"Mwalimu, siku nyingine hata mmoja hakuna."

"Sauti yote hiyo na mkeka hauendi? Kuja kwangu. Mimi nitauza, wewe utaita."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza. Alikuwa anatafuta kiti cha wadi upande wa Kakuma. Jioni hiyo hiyo nilipewa spika ya mkononi, ile ya kupiga kelele, na betri zake, na mkanda wa kuivaa begani. Nililala nayo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwito wa mkutano, huo ni wangu. Kupanga watu wakae wapi, hiyo nayo ni yangu. Kuna mambo madogo ambayo vijana wa siku hizi wenye simu hawayajui. Chukua kivuli. Mkutano wa pamoja, wagombea wote wako, unaanza saa nne asubuhi. Kivuli cha mti saa nne kiko upande wa magharibi, na kila mtu anakikimbilia. Mimi watu wetu niliwaketisha mashariki, juani, wakinitukana. "Wee Ekiru, unataka kutukausha kama samaki?" Nikawaambia subirini. Mwalimu nilimwomba aongee mwisho. Saa tisa jua limezunguka, kivuli kimekuja kwetu, na watu wa wapinzani wetu wameanza kuondoka mmoja mmoja wakijifunika vichwa. Mwalimu akaongea na watu walioketi vizuri. Hiyo inaitwa mbinu.

Nilijisifu kwa hilo mwaka mzima. Mwalimu alinisikiliza, halafu akasema, "Ekiru, mbinu ni kazi ya leo. Mimi nataka unisaidie na kazi ya Agosti." Hiyo ndiyo aliita mkakati.

Na mkakati wake ulikuwa huu. Wakati wa kuandikisha wapiga kura ni wakati wa mvua, nyasi ziko huku chini, watu wote wako karibu na barabara. Wagombea wote wanakimbia na makarani wa tume kuandika watu hapo hapo walipo. Sasa Agosti ikifika laga, ule mto wa mvua, imekauka, na wachungaji wameshapanda milimani. Jina lako liko Kakuma, wewe uko Oropoi na ngamia. Utaacha ngamia?

"Usiniandikie mtu mahali alipo leo," Mwalimu alisema. "Mwandike pale atakapokuwa Agosti."

Nilikuwa nawaona wale punda.

Tulienda kituo cha Oropoi, shule ya vyumba viwili, tukawaomba wachungaji wajiandikishe huko. Lomuria ndiye alituzungusha, manyatta kwa manyatta, maana watu wanamwamini. Agosti walitoka kwa mbuzi, wakapiga kura, wakarudi kwa mbuzi. Mwalimu akashinda.

Hapa sasa lazima niseme ukweli juu yangu. Nilitaka kiti. Sisemi kiti cha wadi, nasema kiti cha plastiki, kile cha mbele, pale mkuu anapoketi na wageni. Miaka yote hiyo mimi ni mtu wa kusimama na spika. Nilimwambia.

"Mwalimu, na mimi nitakaa mbele lini?"

"Ukikaa mbele utaona nini? Migongo ya wageni? Kaa nyuma na akina mama wanaotoka kuchota maji. Habari yote iko hapo."

Alikuwa anasema kweli. Lakini iliniuma, na iliendelea kuniuma mpaka uchaguzi uliofuata, alipokuja Injinia kutafuta kiti cha wadi kile kile.

Injinia alikuwa mtu wetu, aliyekaa Nairobi sana. Kiingereza kilimtoka kabla ya Kiturkana. Alinipata kwa chai hapo Kakuma, akanisalimia vizuri, ejok, na mimi ejok-nooi, halafu akasema, "Mzee Sauti, kwangu wewe utakaa mbele. Kiti kitakuwa na jina lako." Nikamaliza chai yangu na nikamaliza na Mwalimu.

Mkutano wake wa kwanza ulijaa mpaka barabarani. Alifurahi, akaniambia tumeshinda. Nilimwonyesha kijana mmoja wa Kongo aliyekuwa anacheza hapo mbele, nikamuuliza yule kijana, utampigia nani?

"Papa, sisi tumekuja kwa sababu ya muziki," akasema. "Kura yetu sisi iko mbali sana."

Nusu ya mkutano ilikuwa ya watu wa kambi ya wakimbizi. Wakimbizi hawapigi kura hapa. Injinia akafungua kompyuta, akanionyesha ramani. Vituo vyetu vya kijani, vya Mwalimu vyekundu, na Oropoi nyekundu kabisa.

"Huyu mwalimu wako alipataje hawa watu?"

Nikamweleza. Laga, ngamia, Agosti, yote. Nilikuwa nataka aone kwamba mimi si sauti tu. Akagonga meza na kalamu.

"Kwa hivyo wakiwa wameandikwa mahali pengine?"

Kuna kitu kinaitwa kuhamisha kura. Ni haki yako. Unatoa jina lako kituo kimoja, unalipeleka kituo kingine, ukitaka. Injinia alitaka watu wa Oropoi wahamishie majina kituo cha hapa chini, karibu na barabara, wakiwa bado wako chini na mvua. Alikodi lori la Abdi, Msomali mmoja wa Kakuma ambaye tulikuwa tunacheza naye bao. Mimi niliitisha watu na spika. Niliwaambia kituo cha chini kina kivuli na kina maji ya kunywa, na Agosti lori hili hili litapanda mpaka Oropoi kuwachukua.

Lomuria alikuwa hapo. Aliuliza swali moja. "Lori litakuja?"

"Litakuja."

"Kama wewe umesema," akasema, akapanda.

Tulipowashusha, Abdi alizima injini akaniita kando.

"Mzee, huyu bosi amelipa kuwaleta kuandikwa. Ya Agosti sijaambiwa kitu."

"Bado ni mapema."

"Sio mapema. Nilimuuliza. Amesema Agosti lori halihitajiki." Akanitazama. "Hawa ni watu wako, sivyo?"

Nilimwambia aangalie usukani wake. Kulikuwa na miezi ya kutosha kwenda kumwambia Lomuria arudishe jina lake Oropoi. Karani alikuwa bado anafanya kazi. Siku ya mwisho ya kuhamisha nilikuwa Lodwar na Injinia, nachagua fulana za kampeni, rangi gani inaonekana mbali. Nilichagua njano. Ni kweli inaonekana mbali.

Siku ya kura nilikuwa wakala wake kituo cha chini, yaani yule anayeketi ndani kuangalia kwamba hesabu ni sawa. Daftari lina majina ya watu wa Oropoi ukurasa kwa ukurasa, na hakuna aliyekuja. Saa kumi na moja mlango ukafungwa.

Asubuhi yake nilikuwa nasoma karatasi ya matokeo iliyobandikwa mlangoni. Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Lomuria. Miguu nyeupe kwa vumbi mpaka magotini, ekicholong mkononi, kitambulisho kimefungwa kwa nailoni shingoni. Alikuwa anamwomba askari amruhusu aweke kidole.

"Mzee, ilikuwa jana," askari akasema kwa adabu.

Lomuria akaketi kwenye kigoda chake. Akanieleza pole pole kwamba walingoja lori siku mbili pale njiani, wanaume na wanawake, na wazee. Wengine wakarudi kwa mifugo. Yeye akasema ndugu yangu amesema, akaanza kutembea.

"Lori liliharibika?" aliniuliza.

Nikasema, "Ndiyo. Liliharibika."

"Pole," akasema. "Najua ulihangaika."

Alikuwa na maziwa kidogo kwenye kibuyu, akanipa. Nilikunywa. Halafu akainuka akarudi alikotoka, siku mbili nyingine.

Siku hizi nami niko huko, Oropoi. Nina mbuzi wachache na mgongo mbaya. Vijana wanakuja na simu zao kuniuliza mbinu, na ile ya kivuli nawapa bure. Ile nyingine, ya Agosti, nawapa nikiwa nimewauliza kwanza ni ya nini. Lomuria nilimwambia ukweli, wiki ya kwanza niliyofika. Alikuwa ananywesha ngamia. Hakuacha kunywesha. Alipomaliza alisema ngamia wawili bado, nishike kamba. Mpaka leo hajanirudishia neno juu ya hilo, na mpaka leo, nikisema kitu, yeye hutuma mtu mwingine akaangalie.

Lakini nilikuwa nakuja kwa ile siku ya kiti. Injinia alishinda, akafanya sherehe hoteli moja hapo Lodwar, mchana, nyama na soda. Viti vya mbele vilikuwa na vitambaa vyeupe. Akanishika mkono mwenyewe akanipeleka. Kiti cha tatu kutoka kwake, karatasi imebandikwa mgongoni, na ile karatasi niliweza kuisoma vizuri, darasa la tatu lilitosha.

"Keti, Mzee Sauti. Leo upumzike."

Niliketi. Kiti kilikuwa kizuri. Kutoka pale, kama Mwalimu alivyosema, huoni mtu yeyote wa nyuma. Nilivua mkanda wa spika begani, nikasimama, nikaiweka spika juu ya kiti, imeketi vizuri na kitambaa chake. Injinia akaniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda haja. Nikapita jikoni, nikapita geti, nikamsalimia askari, nikashika barabara ya Kakuma. Sijarudi.